UPASUAJI WA UZAZI USICHELEWESHWE

Kumpasua mama ili mtoto apatikane ni kazi ya kuokoa maisha. Lakini upasuaji wa dharura si wa namna moja. Hatari yake huzidi kwa kadiri uchungu ulivyokwisha kuendelea, na uzembe au uhaba wa vyombo ndio mara nyingi unaoamua ni lini mama atafika mezani.

Kabla mlango wa kizazi haujafunguka sentimeta 10, kwa kawaida kichwa cha mtoto huwa hakijazama sana, na daktari humtoa bila taabu kubwa. Mlango ukisha kufunguka wote, na mama akasukuma muda mrefu bila mafanikio, kichwa huweza kukwama ndani ya nyonga. Wakati huo sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi imekwisha kuvutika na kuwa nyembamba. Daktari anapopenyeza mkono kukinasua kichwa, jeraha huweza kuchanika hadi kwenye mishipa mikubwa ya damu, na hata kibofu cha mkojo kikaumia. Mtoto naye huweza kukosa hewa.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya kila akina mama 1,000 waliopasuliwa, watano hivi walifariki. Kiasi hicho ni kama mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Wengi wa waliochunguzwa walipasuliwa kwa dharura.

Tanzania imepiga hatua. Takwimu za taifa zilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 vilikuwa 104. Mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopatikana kwa simu nambari 115, umeenezwa nchini. Mafanikio hayo yasimfanye mtu yeyote abweteke.

Wala dawa si kumpasua kila mama mapema. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba upasuaji ukizidi asilimia 10 ya uzazi wote katika nchi, hauonekani kupunguza vifo zaidi. Tena kovu huweza kuleta matatizo katika mimba zinazofuata.

Kinachotakiwa ni uamuzi sahihi kwa wakati wake. Mkunga hana budi kuijaza chati ya uchungu saa kwa saa, si baada ya mtoto kuzaliwa. Viongozi wa wilaya wahakikishe kwamba damu, dawa ya usingizi na mafuta ya gari la wagonjwa havikosekani. Walimu, ambao husikilizwa vijijini, wawaelimishe wazazi kwamba mama mwenye uchungu hangoji ruhusa ya kikao cha ukoo.

Wahenga walisema, kawia ufike. Usemi huo hauna nafasi katika chumba cha uzazi. Huko, anayekawia huenda akafika peke yake.