Stashahada Isihesabiwe Bure

Kila mwaka wa masomo uanzapo, miongoni mwa vijana waliotoka shule za sekondari juzi juzi, huwaona darasani mwangu watu wazima wawili watatu. Hawa ni walimu. Walihitimu stashahada, wakafundisha Kiswahili miaka kadhaa, na sasa wanaitafuta shahada. Nao hukaa kimya nikianza kueleza ngeli za nomino, mada waliyoisomesha hata wakaichoka.

Kwa nini mtu alipe karo afunzwe anachokijua? Ziko idara ambazo kwazo stashahada ni tiketi ya mlangoni tu: ikishampitisha mwenyewe, haina kazi tena.

Sheria haiwezi kulaumiwa. Chini ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2014, stashahada iko ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7. Ni vidato vya ngazi moja. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kozi zipi zitambuliwe hufanywa chuoni, aghalabu baada ya mwanafunzi kuwasili na barua yake mkononi.

Wamarekani wana tajriba ndefu ya jambo hili. Tangu 1960 jimbo la California liliamua kwamba vyuo vya jamii, vya miaka miwili, viwapokee wote, na wanaofanya vyema wahamie chuo kikuu. Hata hivyo, kuhama kuna hasara. Mwaka wa 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza asilimia 43 ya krediti zao, yaani hesabu ya masomo waliyokwisha kuyapita. California ilikuwa imekwisha kutunga sheria nyingine mwaka wa 2010: mwenye stashahada maalumu ya uniti 60 ahakikishiwe nafasi katika mfumo wa California State University, na kwa shahada inayolingana na masomo yake asidaiwe zaidi ya uniti 60 nyingine. Mapatano yanafanywa kabla, wala si mlangoni.

Sisi je? Mwaka wa 2013 Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic, zilizokuwa zimekwisha kufanywa vyuo vikuu vishiriki, zilipandishwa kuwa vyuo vikuu kamili vya kiufundi. Tulikipandisha cheo chuo. Njia ya mwanafunzi tukaiacha na mashimo yake.

Wenzangu husema viwango vya vyuo havilingani. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Mwalimu wa stashahada huzijua ngeli kwa upatanisho, A-WA, U-I na kadhalika. Mimi namtaka pia azijue kwa viambishi vya nomino, kama walivyozipanga Bleek na Meinhof, na aweze kueleza kwa nini mipango hii miwili hutofautiana. Huo ni upungufu wa majuma machache, si wa mwaka mzima. Atahiniwe basi. Akifuzu, aingie mwaka wa pili. Akianguka, hapo ndipo aketi na vijana.

Na kila idara ichapishe orodha ya kozi za stashahada inazozikubali, ipelekwe katika vyuo vya walimu, mwanafunzi aisome angali huko, kabla hajalipa hata shilingi moja ya karo ya chuo kikuu.