Bomba la gesi kutoka Dar: Nani atashika koki?

WAKAZI wa Kona ya Musa na vijiji vingine vya kando ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga wana sababu ya kuufuatilia mpango wa bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mkataba wa maelewano ulitiwa saini Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi. Oktoba 2022, Rais William Ruto naye aliahidi jijini Dar es Salaam kuuharakisha. Bomba likifuata pwani, litaingia Kenya kupitia Kwale.

Faida zake zimesemwa sana. Lisilosemwa ni nguvu atakayokuwa nayo mwenye koki.

Kenya inaijua silaha hiyo, maana imewahi kuishika. Mwaka 1976, Idi Amin alipodai maeneo ya magharibi mwa Kenya, na uhusiano ukazidi kuharibika baada ya uvamizi wa Entebbe, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilibana mafuta ya kwenda Uganda. Amin, pamoja na majigambo yake yote, alilazimika kutafuta mapatano.

Mwaka 2023 mambo yalikwenda kinyume. Uganda ilitaka kampuni yake ya serikali, UNOC, ijiagizie mafuta kupitia Mombasa. Kenya ikainyima leseni. Kampala ilikwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, huku ikitazama bandari za Tanzania. Mwaka 2024 Nairobi ililegeza kamba. Mwenye njia ya pili hatishiki kwa urahisi.

Hapo ndipo penye hoja. Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku gesi ya kupikia kutoka Tanzania kupitia mipaka ya nchi kavu, nayo Tanzania ikazuia maziwa na sigara za Kenya. Vikwazo viliondolewa Julai. Wakati huo mitungi iliendelea kujazwa kwa gesi iliyoletwa na meli Mombasa. Kiwanda kitakachofungwa mitambo ya gesi ya bomba hakitakuwa na meli ya kukiokoa.

Simaanishi kwamba Tanzania ina nia mbaya. Lakini ugomvi wa maziwa unaweza kufika kwenye koki, na kabla ya mtaro kuchimbwa Lunga Lunga, wabunge wa Kwale wana haki ya kuuliza: gesi ikikatwa, nani atalipa fidia, na ni mahakama ipi itakayoamua?