Sungura weusi wamezaa mweupe: tusigombane



Juma hili tuzungumze juu ya sungura, kwa sababu rangi ya manyoya ilikaribia kuvunja kikundi chetu. Tulikuwa na jike mweusi, tukampandisha kwa dume mweusi. Baada ya siku 31 akazaa watoto 7. Manyoya yalipoota, sita walikuwa weusi na mmoja mweupe kabisa. Alipofungua macho, yalikuwa mekundu. Maneno yakaanza. Mama aliyekuwa na zamu ya kulisha akaambiwa amebadilisha mtoto, ama amempeleka jike wetu kwa dume wa jirani. Alilia mbele yetu.

Lakini mama huyo hakufanya kitu. Tuone vile inavyotokea.

Kila sungura anabeba mbegu mbili zinazoamua rangi: moja toka kwa baba, moja toka kwa mama. Mbegu ya kuleta rangi ina nguvu. Mbegu ya kukosa rangi inajificha nyuma yake. Sungura mwenye mbegu hizo zote mbili tutamwona mweusi tu, kumbe ndani anabeba weupe. Wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata ile iliyojificha toka pande zote mbili. Huyo ndiye anakuwa mweupe. Uzao mmoja unaweza kuleta watatu, mwingine usilete hata mmoja.

Basi mtoto mweupe anatuambia kwamba baba na mama wanabeba wote wawili, si mmoja peke yake.

Ukitaka kujua kama jike wako anabeba, mpandishe kwa dume mweupe mwenye macho mekundu. Akitokea mweupe hata mmoja, anabeba. Wakizaliwa wanane na wote wana rangi, karibu ni hakika habebi. Weupe wa macho mekundu wakipandana wao kwa wao, watazaa weupe tu. Tuandike kila uzao katika daftari: baba, mama, tarehe, rangi. Na tusipandishe ndugu kwa ndugu, maana mbegu zilizojificha, hata za ugonjwa, zinakutana upesi katika ukoo mmoja.

Sasa tutazame nyumbani mwetu. Mtoto albino anazaliwa kwa njia hiyo hiyo: baba anabeba, mama anabeba, na wote wawili ngozi yao ni nyeusi. Lakini ni mama tu anayefukuzwa, akiitwa mzinzi ama mchawi. Kosa si lake, wala si la baba. Mtoto huyo anahitaji kofia, nguo ya mikono mirefu, kivuli, na darasani akae mbele, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri mbali.

Sisi tulimwomba mama wa zamu msamaha. Yule sungura mweupe tulimpa yeye.