Siku ya Korti na Siku ya Jembe

Mwezi wa Novemba hapa kwetu Maungu hauna mchezo. Mvua ya vuli ndiyo tegemeo letu, nayo haimngoji mtu. Ikinyesha leo nawe usipande, kesho jua limerudi na ardhi imekauka. Katika juma kama hilo, jirani yangu mmoja, mzee mkulima, alinijia jioni na karatasi mkononi. Ilikuwa samansi ya korti.

"Kijana wangu," akasema, "kusoma nimekwisha isoma. Nataka wewe karani uniambie kama ina mlango wa kutokea."

Nikaitazama. Mjane wa mtaani kwetu alikuwa ameibiwa mbuzi 7 usiku. Mzee huyu, aliyekuwa akikesha kulinda shamba lake lisiingiwe na ndovu, aliwaona watu wakiwapakia mbuzi hao katika gari kando ya barabara kuu. Hakuna mwingine aliyewaona wakipakiwa. Nikamjibu, "Mzee, mlango haumo. Hapana budi uende."

Akaikunja karatasi yake taratibu, akasema, "Zamani mzee aliitwa kortini kutoa shauri, akapewa kiti karibu na jaji. Mimi naitwa kutoa macho tu, tena nisimame."

Neno hilo lilinikalia moyoni, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Katika siku za ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa nchini Kenya alihukumiwa kwa juri, yaani watu 12 wa taifa lake walioacha kazi zao, wakala kiapo, wakasikiliza mpaka mwisho. Juri ya Wazungu watupu ndiyo iliyomwona Peter Poole ana hatia mwaka 1959, kwa kumwua Kamawe Musunge kwa risasi mjini Nairobi, naye akanyongwa Agosti 1960. Mwafrika hakupewa juri. Shauri lake lilikatwa na jaji, na kando ya jaji waliketi washauri wa korti.

Kazi ya washauri hao haikuwa nyepesi. Dedan Kimathi aliposhtakiwa huko Nyeri Novemba 1956 kwa kosa la kuwa na bastola, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, walikuwapo washauri 3, Waafrika wote. Waliulizwa maoni yao, na wote watatu wakasema ana hatia. Kimathi akanyongwa Februari 1957. Msomaji, fikiri jinsi ilivyokuwa kwa watu hao kurudi vijijini kwao baada ya kulitamka neno kama hilo. Mtu aliyeitwa hivyo hakuacha shamba tu nyumbani. Alikwenda kujitwika mzigo ambao pengine angeubeba maisha yake yote.

Tena mzigo huo haukuwa na nguvu ya kutosha, maana sheria haikumfunga jaji kuyafuata maoni ya washauri. Kenya iliwaondoa kwa sheria ya mwaka 2007, ijapokuwa walibaki katika baadhi ya mashauri yaliyokuwa yameanza. Katika shauri la Thomas Cholmondeley, lililokwisha mwaka 2009, washauri walisema kwamba hana hatia kwa kifo cha Robert Njoya. Jaji akaamua vingine, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Basi kiti kile cha mshauri kimeondoka, lakini mwito wa korti haukuondoka pamoja nacho. Umebaki kwa shahidi. Sheria yetu ya mwenendo wa jinai yasema kwamba aliyepewa samansi asipotokea bila udhuru wa haki, aweza kutolewa hati ya kukamatwa. Na mlalamikaji asipotokea siku ya kusikilizwa, hakimu aweza kumwachilia mshtakiwa. Wezi wengi wanalijua jambo hili kuliko sisi. Hawana haja ya kutushinda kwa maneno, bali hungoja tuchoke.

Mzee wangu alikwenda. Siku ya kwanza alipoteza nauli na kutwa nzima, kwa sababu wakili wa mshtakiwa alikuwa mgonjwa. Shauri likaahirishwa. Siku ya pili ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alipita kando ya shamba lake likiwa tayari kwa mbegu, akapanda matatu, akaenda. Siku hiyo alikosekana shahidi mwingine, mtu wa mshahara, aliyekutwa na baadhi ya mbuzi wale wakipitishwa mbele yake kazini. Tulisikia baadaye kwamba aliogopa kumwomba mkubwa wake ruhusa. Shauri likaahirishwa tena.

Hapa ndipo penye maneno yangu ya leo. Yule mtu wa mshahara alidhani ameokoa siku yake. Kweli hakuiokoa; aliichukua siku ya mkulima. Asiyeitikia mwito wa korti haondoi gharama, bali humsukumia jirani yake aliyeitikia. Na mara nyingi anayesukumiwa ni yule asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi, ambaye siku yake moja ya vuli ni chakula cha watoto wake.

Kwa hiyo nasema na makarani wenzangu na wote walioajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja kuwa ni kosa kubwa kutokuwapo kazini bila ruhusa au sababu nyingine ya halali. Sidhani yuko awezaye kusema kwamba samansi ya korti si sababu ya halali. Mwonyeshe mkubwa wako karatasi siku ile ile uipatapo, usingoje usiku wa kuamkia shauri. Weka nakala yake. Ukifika kortini, muulize karani wa korti juu ya nauli na posho ya shahidi, bila haya, maana si sadaka. Nanyi wakubwa wa kazi, mkimkata mtu mshahara kwa kwenda kusema kweli, mnamfundisha kunyamaza, na siku mtakapoibiwa ninyi mtamkuta amekwisha jifunza.

Korti nazo zina sehemu yao. Shauri likijulikana mapema kwamba halitasikilizwa, simu moja kwa shahidi yaweza kumwokolea kutwa ya kazi.

Sasa sharti niseme na nafsi yangu pia. Mimi ndimi niliyemwambia mzee aende. Nilisema kwa sauti ya mtu aijuaye sheria, kisha nikaingia ndani kula chakula changu. Siku ya tatu, nilipokuwa nikienda kituo cha matatu asubuhi, nilimwona mtu mmoja ameinama katika shamba la mzee, akifukia pojo. Alikuwa yule mjane wa mbuzi. Peke yake. Sisi majirani wengine, ambao mazizi yetu pia yanalindwa na ushahidi wa mzee huyo, tulikuwa tunapita njia.

Siku hiyo ya tatu mzee alisikilizwa, na shauri likaisha kwa hukumu. Mbuzi 2 walipatikana. Lakini nusu ya shamba lake ilipandwa mvua ikiwa imekwisha kupungua, na mavuno yake yalionyesha hivyo.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya ujima tunaijua. Twaifanya mtu akifiwa na akijenga. Haitushindi kuifanya kwa shahidi. Mtu wa mtaa akipewa samansi wakati wa kupanda, watu 5 wenye majembe kwa asubuhi moja watosha. Yeye ataisemea haki yetu kule, nasi tutaishika mbegu yake huku. Mimi jembe langu nimekwisha litia mpini. Mwenye kupata samansi vuli ijayo na aniite.

Mwenyeji wa Maungu