Riba ya Benki Kuu imeshuka, lakini deni la nyumba Oicha liko palepale

Mwezi Oktoba 2025, Benki Kuu ya Kongo (BCC) ilishusha riba yake ya msingi kutoka 25% hadi 17.5%. Kiwango cha 25% kilikuwa kimedumu tangu Agosti 2023. Katika nchi ambako watu wanajenga kwa mikopo ya benki, habari ya namna hiyo ingewafanya wenye nyumba kukimbilia benki, kuomba mkopo mpya wa riba ndogo na kufuta ule wa zamani. Huko Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni, karibu hakuna kilichobadilika. Sababu ziko tatu.

Riba ya franka, deni la dola

Ya kwanza ni kwamba riba ya BCC inahusu franka. Mikopo mingi kwetu, ya benki au ya COOPEC, inahesabiwa kwa dola, na uamuzi wa Kinshasa hauigusi moja kwa moja.

Kilichogusa mifuko ya watu ni bei ya dola. Mwaka 2025 dola moja ilitoka zaidi ya franka 2,800 ikateremka chini ya 2,500. Mwalimu anayelipwa franka 480,000 alikuwa anapata dola 171 kwa bei ya 2,800. Kwa bei ya 2,400 anapata dola 200. Kama deni lake ni la dola, limekuwa jepesi kidogo hata bila kubadilisha mkataba.

Mkulima wa kakao yuko upande mwingine. Bei ya kakao inafuata soko la dunia, nayo ilipita dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024, kisha ikaanguka karibu nusu mwaka uliofuata. Aliyekopa ili aezeke nyumba akitegemea bei ya 2024, leo analipa deni lilelile kwa mavuno ya bei ndogo. Huyo ndiye anayehitaji zaidi mkopo wake upangwe upya.

Nyumba bila karatasi

Sababu ya pili ni hati. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na hati ya usajili, ile watu wanaita sertifika. Rehani ya nyumba inaandikwa juu ya hati hiyo. Mwenye fishi tu, au karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi, hawezi kuweka rehani ya kweli. Kwa hiyo benki inamwomba dhamana nyingine, ama inamrudisha nyumbani. Ndipo anapoangukia mkopeshaji wa mtaani, yaani Banki Lambert.

Sababu ya tatu ni vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na ADF yamewatoa watu mashambani na vijijini, wengi wakikimbilia Oicha mjini, Beni na Butembo. Nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuikimbia kesho haina thamani kubwa machoni pa mkopeshaji. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, benki za kule zikafungwa, kila anayekopesha katika jimbo amezidisha tahadhari.

Hesabu kabla ya kusaini

Je, kubadilisha mkopo kunafaa? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu ana deni la dola 3,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, riba 10% kwa mwezi. Kila mwezi anatoa dola 300 za riba peke yake. Baada ya miezi 18 ametoa dola 5,400, na zile 3,000 bado anadaiwa.

Akipata COOPEC inayokubali kulipa deni hilo na kumkopesha kwa 3% kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa miezi 18, mwezi wa kwanza analipa kama dola 257, wa mwisho kama 172. Riba yote inafika dola 855, na deni limekwisha. Hapo kubadilisha kunafaa, hata akilipa gharama za faili.

Lakini kurefusha muda si sawa na kupunguza deni. Mkopo huohuo ukipangwa kwa miezi 36, malipo ya mwezi wa kwanza yanashuka hadi dola 173, ila riba yote inapanda hadi dola 1,665. Anayeomba muda mrefu anunue pumzi akijua bei yake.

Sheria inasema nini

Kuna mikataba inayosema kwamba deni lisipolipwa, nyumba inakuwa ya mkopeshaji papo hapo. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya dhamana hairuhusu kifungu cha namna hiyo juu ya nyumba ya kukaa iliyowekwa rehani. Mkopeshaji anapaswa kupita mahakamani. Ndiyo maana baadhi yao wanamwandikisha mwenye deni karatasi ya mauzo badala ya mkopo. Anayesaini karatasi hiyo anaweza kuhesabiwa kuwa ameuza, hata kama mdomoni waliitana mkopeshaji na mkopaji.

Vilevile, Kanuni ya Familia inataka mume na mke wakubaliane wote wawili kabla nyumba haijauzwa wala kuwekwa rehani. Saini ya mume peke yake haitoshi.

Kwa anayebanwa leo, la kwanza ni kumwandikia mkopeshaji barua ya kuomba malipo yapangwe upya kabla ya kukosa mwezi hata mmoja, na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. La pili ni kuuliza jumla yote atakayolipa hadi mwisho, si malipo ya mwezi tu.

Kwa viongozi, somo ni jingine. Kushusha riba Kinshasa kutamfikia mtu wa Oicha siku atakapokuwa na hati ya kiwanja chake kwa bei anayoiweza, na siku atakapoweza kuvuna kakao yake na kurudi nyumbani salama.