Miezi sita ya maziwa, miezi mitatu ya likizo

Akina mama wengi wa mijini huwaanzishia watoto wao uji au maziwa ya kopo kabla ya wakati. Si kwamba hawakusikia mafunzo ya kliniki. Likizo imekwisha, na mwajiri anangoja.

Wengine hudhani hakuna hasara maadamu mtoto ananenepa. La hasha! Bakteria wanaoingia katika utumbo wa mtoto miezi ya kwanza ndio wanaoufunza mwili wake kumtambua rafiki na adui. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga tumboni. Hicho ni chakula cha bakteria wema waitwao bifidobakteria. Wakishiba huzaana na kutoa asidi, na viini vya kuhara hukosa mahali pa kukaa. Mtoto akianza vyakula vingine mapema, bakteria hao hupungua. Maji ya uji yakiwa machafu, basi kuhara hakuko mbali.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila hata maji. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Je, miezi 3 iliyobaki mtoto afanyeje?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikusudia kuziba pengo hilo. Inamtaka kila mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, penye jokofu, meza na maji ya kunawa mikono, na pasiwe chooni. Msomaji, kazini kwako papo?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 61 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 walinyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa mwaka 2022 ulipata 60. Miaka minane, na hatukusonga mbele hata hatua moja.

Yafaa wakaguzi wa kazi waitekeleze sheria, na Bunge lirefushe likizo. Mwajiri naye akumbuke kwamba mtoto akiugua, mama hafiki kazini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.