Chandarua cha malaria si cha kufunika nyama

Muuzaji anayefunika nyama yake sokoni anafanya vizuri. Shida ni kitu anachotumia. Mashariki mwa Congo, chandarua cha mbu kikishapasuka hakitupwi: kinazungushiwa bustani, kinafungia vifaranga, wengine wanavulia ndakala ziwani. Kikifika juu ya meza ya nyama, wakuu wa afya wanapaswa kusema hapana, na waseme kwa sauti.

Vyandarua vinavyogawanywa katika kampeni za kupiga vita malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, kama permetrini au deltametrini. Dawa hiyo iliwekwa ili mbu afe akigusa uzi, na imetengenezwa ivumilie kufuliwa mara nyingi. Haikuwekwa iguse chakula. Tena ni dawa inayoshikamana na mafuta, na nyama ina mafuta. Kupulizia nyama au samaki mkavu dawa ya nzi ni vibaya zaidi: nzi anakufa, dawa inaenda mpaka kwenye sahani ya watoto.

Lakini mama muuzaji asilaumiwe peke yake. Nzi anatoka chooni au kwenye lundo la takataka, anatua kwenye nyama na kuitapikia kabla ya kuinyonya. Mayai yake, kukiwa na joto, yanaanguliwa ndani ya siku moja. Katika miji kama Goma na Uvira, ambako kipindupindu kinarudi kila mara, mama huyo ana haki ya kumwogopa nzi. Analipa kodi ya soko, halafu anauza bila bomba la maji, uchafu ukiwa nyuma ya mgongo wake. Kodi hiyo ianze kwa kuondoa uchafu huo.

Kwa sasa, kitambaa chepesi kisicho na dawa, kilichotandazwa juu ya fremu ya mbao ili kisiguse nyama na kufuliwa kila jioni, kinatosha kuzuia nzi. Hakizuii kuoza, maana kinachoharakisha kuoza ni joto. Nyama mbichi isikae zaidi ya saa mbili nje ya baridi. Mwenye frigo isiyo na umeme aipike siku ileile, ama aikate vipande vyembamba, aitie chumvi na kuikausha juu ya moshi. Ikishakauka kabisa iingie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu ile yenye unyevu ndiyo nzi wanaitafuta.

Na mnunuzi naye aulize: kitambaa hiki kilitoka wapi?